Samaki Wapandao Mto Wakati wa Mvua

Ndugu mkulima wa Busia, mto Sio una kazi mbili. Kazi ya kwanza waijua: hunywesha ng'ombe na kumwagilia mboga. Kazi ya pili ni kuwa njia ya samaki wanaokwenda kuzaa. Hiyo wengi hawaijui, na kwa kutoijua twaiharibu.

Zamani, mvua za masika zilipoanza, watu wa kando ya Sio na Nzoia walikula ningu kwa wingi. Ningu hukaa Ziwa Victoria. Mto ukifurika, hutoka ziwani, hupanda mtoni, na hutaga mayai penye nyasi zilizofunikwa na maji. Watoto wake hukua hapo kidogo, kisha huteremka ziwani.

Siku hizi ningu ni adimu sokoni. Kwa nini? Mwaka 1947 shirika la kuchunguza samaki wa Afrika Mashariki lilianzishwa Jinja, Uganda. Mwaka 1959 Bwana P. J. P. Whitehead alitoa habari za samaki wapandao mito, na mwaka 1965 Bwana D. A. Cadwalladr akaeleza kupungua kwa ningu. Nyavu zilikuwa zikitegwa kwenye midomo ya mito wakati samaki wanapanda, matumbo yamejaa mayai. Kuvua hivyo ni sawa na kula mahindi ya mbegu: leo umeshiba, kesho huna cha kupanda.

Jambo la pili ni mafunjo. Mbuta, aliyetiwa ziwani katika miaka ya 1950, hula samaki wadogo. Lakini ndani ya mafunjo hewa ya majini ni kidogo, naye hawezi kuivumilia. Wadogo hujificha humo. Tazama Ziwa Kanyaboli, kule Siaya: kinamasi cha mafunjo hulitenga na ziwa kubwa, na ngege wa asili amebaki humo, hali katika ziwa kubwa karibu ametoweka. Mafunjo pia huzuia udongo wa mashamba usiingie ziwani.

Basi fanya haya:

1. Usilime mpaka ukingoni. Acha nyasi na miti kando ya mto.

2. Usichome mafunjo ili kupata shamba. Ukikata ya kufumia mikeka, acha mengine yasimame.

3. Usioshe bomba la dawa mtoni. Dawa iuayo wadudu huua na samaki.

4. Usitege wavu mdomoni mwa mto wakati wa mafuriko. Ukiona mwingine akitega, mwarifu Bwana Samaki.

Nawe msomaji wa Malaba, usiseme hayakuhusu. Maji ya mto wako hayaendi Ziwa Victoria. Huingia Uganda na kufika Ziwa Kyoga. Huko nako kuna wavuvi, na watoto wanaongoja kitoweo.

Samaki hajui mpaka wala forodha. Sisi wa pande zote mbili ndio walinzi wake.