Geji Mbili na Mshipa Mmoja

Mimi ni fundi wa mabomba ya maji hapa Kanyangi, Kitui, na maradhi ya bomba nayajua kuliko ya mwili wangu. Maji ya visima vyetu vingi yana chumvi. Bomba likikaa miaka, ndani hushika ukoko kama wa sufuria ya ugali.

Lakini kifua kilipoanza kunibana nikipanda kilima na mfuko wa spana begani, ukoko haukunijia akilini. Zahanati moja ikanitibu vidonda vya tumbo miezi mitatu. Mwishowe binti yangu akanipeleka Nairobi, kwenye skani ya CT ya moyo.

Walinipa kidonge cha kutuliza mapigo yafike kama 60 kwa dakika, maana moyo unaokimbia huharibu picha. Wakanipulizia dawa chini ya ulimi ili mishipa ifunguke, kisha wakanidunga dawa yenye ayodini. Joto likanishuka kutoka kooni hadi kinenani, ningeapa nimejikojolea. Nikaambiwa nivute pumzi, niishike. Sekunde chache tu, kwisha.

Picha ikaonyesha mshipa wa mbele umebanwa zaidi ya nusu. Nikamwambia daktari auzibue leo leo.

"Mzee," akasema, "wewe unajuaje bomba lenye ukoko ni la kung'olewa?"

Hapo nikawa nyumbani. Hufunga geji mbili, moja kabla ya penye ukoko, moja baada. Mifereji ya kioski ikiwa imefungwa yote, geji husoma sawa hata njia ikiwa nyembamba, kwa kuwa maji yaliyosimama hayapotezi presha. Ngoja siku ya soko, mitungi imepangwa foleni, mifereji yote imefunguliwa: ndipo ya pili huanguka. Isipoanguka sana, bomba hilo siligusi.

Kumbe na moyo hupimwa hivyo hivyo. Waya mwembamba wenye kipima presha huingizwa mkononi, ukasogezwa hadi ng'ambo ya palipobana, kisha mgonjwa hupewa dawa ya kuifanya damu ipite kwa wingi, kama yuko kilimani. Presha ya ng'ambo hugawanywa kwa ya kabla. Ikiwa 0.80 au chini, damu haifiki inavyotakiwa. Mwaka 2009 yalitolewa matokeo ya wagonjwa 1,005 wa Marekani na Ulaya: waliowekewa stenti, kijibomba cha wavu cha kuushikilia mshipa wazi, kwa kufuata kipimo hiki walipatwa na madhara machache kuliko waliowekewa kwa kutazama picha tu.

Wangu ulisoma 0.86. Nikapewa aspirini na statini, stenti hakuna. Nilinuna kidogo, mtu ameuza mbuzi wawili, anataka aone kazi.

Kisha daktari akanionyesha jambo kwenye kompyuta yake. Picha ya CT yenyewe yaweza kuchorwa upya mshipa kwa mshipa, kompyuta ikapiga hesabu ya damu inavyopita, ikatoa namba ile pasipo waya. Charles Taylor, aliyekuwa Chuo Kikuu cha Stanford, ni mmoja wa walioianzisha kazi hiyo, na Marekani iliiidhinisha mwaka 2014. Penye presha nzuri ni buluu, inapoanguka ni nyekundu. Picha ikiwa na ukungu, au mshipa umejaa chokaa, hesabu hupotoka.

Nikamwuliza inajuaje presha bila geji. Akasema inajua upana wa mshipa, kona zake na ukubwa wa msuli unaonyweshwa, "kama wewe unavyokisia kabla ya kufukua."

Mimi sikisii, nikamwambia. Ndiyo maana nilinunua geji.