Kabla ya Kununua Kadi ya Michoro, Soma Kibandiko cha Pawa Saplai

Kompyuta nyingi za mezani zinazouzwa Kariakoo na Luthuli Avenue ni mtumba wa maofisini ughaibuni: Dell OptiPlex, HP Compaq, Lenovo ThinkCentre. Ni mashine imara, bei zake zinashikika, na kwa kazi za kuandika na kuperuzi hazisumbui. Matatizo huanza mwenye nayo anapotaka kuhariri video au kucheza gemu. Kila anayeniuliza anunue kadi gani ya michoro, namuuliza kwanza: pawa saplai yako ina wati ngapi?

Kompyuta za ofisi zilitengenezwa kwa hesabu ya umeme iliyobana. Tuchukue OptiPlex 7010 ya mwaka 2012, ile yenye kasha la mnara. Pawa saplai yake ni ya wati 275 na haina waya wa kulisha kadi. Kadi itategemea sloti ya PCI Express peke yake, ambayo kwa kanuni haitoi zaidi ya wati 75. Kadi yenye tundu la pini 6 inaweza kudai wati 75 juu ya hizo, na yenye pini 8 inaweza kudai 150. Hizo si saizi ya mashine hii.

Dukani utaambiwa ipo adapta inayochota umeme kwenye plagi ya SATA, ile ya diski, na kuupeleka kwenye pini 6. Ikatae. Plagi ya SATA hubeba ampea 4.5 kwenye volti 12, yaani wati 54. Ukiidai 75 inachemka, plastiki inalainika, na moto unaweza kuwaka. Heri kubadilisha pawa saplai nzima, ila fungua kasha uone kwanza: 7010 hutumia plagi ya kawaida ya pini 24, lakini 9020 ya mwaka 2013 ina plagi ya Dell yenye pini 8, na pawa saplai ya kawaida haiingii humo bila adapta maalumu.

Ukibaki na wati zako 275, kadi mbili za NVIDIA zinafaa: GTX 1050 Ti ya mwaka 2016 na GTX 1650 ya mwaka 2019. Zote zina kumbukumbu ya GB 4 na hula wati 75, lakini hakikisha uliyoishika haina tundu la umeme, maana baadhi ya watengenezaji huliweka. Bei zikikaribiana, chukua 1650. Kizazi cha 1050 Ti kiliacha kupata draiva mpya za gemu mwaka 2025, kikabakiziwa marekebisho ya usalama tu. RX 6400 ya AMD hula wati 53, lakini hutumia njia 4 tu za PCI Express, hivyo kwenye mashine za zamani kasi yake hupungua. Kama kasha lako ni jembamba, tafuta kadi ya kimo kifupi yenye bati lake fupi.

Jihadhari na kadi bandia. Wapo wanaochukua kadi ya kale kama GTX 550 Ti, wakabadilisha programu iliyo ndani yake ili Windows iitambue kuwa ni 1050 Ti. Igeuze, utazame upande wa matundu. Ukiona tundu la VGA, irudishe, kwa kuwa 1050 Ti halisi haitoi VGA kabisa. Kisha omba ijaribiwe kwa programu ya bure ya GPU-Z, ambayo huzitambua kadi nyingi za aina hiyo na kuandika FAKE mbele ya jina. Na kwa kuwa kadi hizi hazitoi VGA, mwenye monita ya VGA atenge pia pesa ya kigeuzi cha kutoka HDMI.

Siku ya kufunga, sasisha BIOS kabla ya kuichomeka kadi, kwani BIOS ya zamani inaweza kukuachia skrini nyeusi. Chomoa waya wa umeme, gusa chuma cha kasha, ondoa bati la nyuma, sukuma kadi mpaka kishikizo cha sloti kilie. Halafu hamishia waya wa monita kwenye kadi yenyewe. Wengi huuacha kwenye tundu la zamani, wakadhani kadi ni mbovu.

Bado kuna hatua inayotangulia hizi zote, nayo haigharimu kitu. Fungua Task Manager ukiwa kazini. Ikiwa RAM ya GB 4 imejaa au diski imekwama kwenye asilimia 100, nunua RAM na SSD kwanza. Prosesa ikiwa ndiyo inayohema, kadi haitaisaidia sana. Lakini ukiona GPU imefika kikomo na vingine vina nafasi, hapo pesa yako ya kadi itafanya kazi.