Irumu: Mguu wa bandia ukivunjika, nani anapaswa kulipa?

Jimboni Ituri, vita na ajali za barabara zimeacha watu wengi wakitembea kwa mguu wa bandia, kwa magongo ao kwa kiti cha magurudumu. Kupata kifaa cha kwanza tayari ni kazi ngumu. Lakini kuna swali ambalo familia za Irumu zinakutana nalo baadaye: kifaa kikivunjika, nani analipa kingine?

Swali hilo si dogo. Mguu wa bandia haudumu maisha yote. Kwa mtu mzima, kwa kawaida unabadilishwa kila baada ya miaka 3 hadi 5. Kwa mtoto, mara nyingi ni baada ya miezi 6 tu, sababu mwili unaendelea kukomaa. Kifaa kilichopasuka, ao kisichomwenea tena mtu, kinaleta vidonda, na kidonda kwenye sehemu iliyokatwa kinaweza kumrudisha mgonjwa kwenye chumba cha upasuaji. Mkulima wa Marabo ao wa Gety anayebaki nyumbani kwa kukosa mguu anapoteza musimu wa kulima. Mtoto anapoteza masomo.

Aliyeumia kazini

Kwa mfanyakazi mwenye mkataba, jibu liko kwenye sheria. Mwaka 1967, Kongo ilikubali mapatano namba 121 ya Shirika la Kazi Duniani (OIT) juu ya ajali za kazini. Mapatano hayo yanasema wazi kwamba matunzo ni pamoja na viungo vya bandia, na kwamba vinapaswa kutengenezwa na kubadilishwa kila inapohitajika. Hata miwani imetajwa. Ndani ya inchi, mzigo huo unabebwa na mfuko wa taifa wa usalama wa jamii, CNSS, unaofuata sheria ya tarehe 15 Julai 2016.

Maana yake ni kwamba dereva ao fundi aliyekatwa mguu sababu ya kazi haombi huruma. Mguu wa pili na wa tatu ni haki yake sawa na ule wa kwanza. Lakini bila karatasi haki hiyo ni ngumu kudai: mwajiri awe ametangaza ajali, na mfanyakazi awe ameandikishwa CNSS.

Ikiwa ugonjwa haukutokana na kazi, Sheria ya kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inamlazimisha mwajiri kugharamia matunzo ya mfanyakazi na familia yake wakati mkataba unaendelea, pamoja na miwani na vifaa vya ortopedi muganga akiviandika. Basi ni vizuri kuomba kwa barua, mkataba ungali hai.

Wengi wako inje

Wakulima, wachuuzi wa soko la Komanda, wavuvi wa Kasenyi na waendesha pikipiki wengi hawana mwajiri wa kutangaza chochote. Kwao inabaki mutueli ya afya, inayoongozwa na sheria ya tarehe 8 Februari 2017, ao bima ya kampuni, ambayo wengi wanaita asiransi. Tangu sheria ya tarehe 17 Machi 2015, soko la bima halikubaki tena la SONAS peke yake, na kampuni zote zinasimamiwa na ARCA.

Mpango wa serkali wa matunzo kwa wote ulizinduliwa Kinshasa tarehe 5 Septemba 2023, lakini ulianza na uzazi na matunzo ya watoto wachanga. Haukuanza na viti vya magurudumu.

Kwa hiyo kabla ya kutoa mchango wa kwanza, kuna maswali 4 ya kuuliza. Je, vifaa vya kutumia nyumbani, kama mashine ya kupima tansio ao sukari, vimeandikwa kwenye mkataba? Je, matengenezo yanalipwa, ao kifaa kipya tu? Baada ya muda gani mtu anaweza kuomba kingine? Na muganga gani anapaswa kutia sahihi? Kama jibu haliko kwenye mkataba, neno la mdomo halitasaidia siku ya kudai.

Njia ya kufika kwa fundi

Hata mwenye bima anakutana na barabara. Kiti cha magurudumu kinaweza kuchomewa na fundi wa chuma, lakini mguu wa bandia unahitaji fundi wa ortopedi. Msalaba Mwekundu wa Kimataifa, CICR, umesaidia kwa miaka mingi vituo vya kazi hiyo Goma na Bukavu. Lakini M23 iliingia Goma mwezi wa Januari 2025 na uwanja wa ndege ukafungwa. Barabara ya Komanda kuelekea Beni nayo imeshambuliwa mara nyingi na ADF. Gharama ya safari inaweza kupita ya matengenezo. Kwa hiyo swali la tano la kumuuliza mwenye bima ni hili: je, safari inalipwa?

Sheria ya tarehe 3 Mei 2022 juu ya haki za watu wenye ulemavu inaweka jukumu la kuwalinda mikononi mwa leta. Kwa sasa, mlango wa kwanza ni ule wa karatasi: ordonansi ya muganga, fakitire ya kifaa cha kwanza, barua ya fundi inayosema kwa nini hakitengenezeki tena. Na kwa familia ambazo zinaweza kulazimika kukimbia usiku mmoja bila kubeba kitu, ni busara karatasi hizo zipigwe picha kwenye simu, kisha zitumwe kwa ndugu aliye mbali. Nyumba ikichomwa, ushahidi utabaki.