Ukarabati wa mashanta ya kijeshi ya ngozi na manyoya

Ukarabati wa mashanta ya kijeshi ya ngozi na manyoya ni kazi ya kusafisha, kuimarisha na kushona mifuko ya mgongoni iliyobebwa na askari wa Ulaya kuanzia karne ya 18 hadi karne ya 20. Mashanta hayo yalifunikwa kwa ngozi ya ndama au ng'ombe ambayo haikuondolewa manyoya. Yanayojulikana zaidi leo ni yale ya Ujerumani na Uswisi, yanayoitwa Tornister kwa Kijerumani. Kazi hiyo hufanywa na wahifadhi wa makumbusho, mafundi wa ngozi na wakusanyaji wa vitu vya kale. Ugumu wake ni kwamba njia nyingi zinazofaa kwa ngozi mpya huiharibu ngozi ya kale, na uharibifu huo mara nyingi hauponi tena.

## Historia

Kabla ya kupatikana kwa vitambaa visivyopitisha maji, ngozi yenye manyoya ilikuwa kinga nzuri dhidi ya mvua. Manyoya yakielekea chini, maji huteremka juu yake bila kupenya haraka. Kwa sababu hiyo majeshi ya Prussia, Ufaransa, Uswisi na nchi nyingine yaliwapa askari wa miguu mashanta ya aina hiyo.

Katika jeshi la Ujerumani, shanta la mwaka 1895 lilikuwa na fremu ya mbao iliyofunikwa kwa ngozi ya ng'ombe yenye manyoya. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ngozi ilipungua, na mengi yakatengenezwa kwa turubai. Aina za mwaka 1934 na 1939 zilikuwa na mwili wa turubai na kifuniko chenye manyoya, lakini katika miaka ya vita nyingine zilitolewa bila manyoya kabisa. Nchini Uswisi mashanta ya manyoya yaliendelea kutumika hadi nusu ya pili ya karne ya 20. Askari waliozungumza Kijerumani waliliita shanta hilo Affe, maana yake nyani, kwa kuwa lilionekana kama mnyama aliyempanda mtu mgongoni.

## Muundo

Shanta moja huwa na vitu vya aina mbalimbali vilivyoshonwa pamoja, na kila kimoja huzeeka kwa namna yake:

- ngozi yenye manyoya, ambayo zamani mara nyingi ilitengenezwa kwa shabu na chumvi;
- mikanda ya ngozi iliyodabaghiwa kwa tanini ya magome ya miti, kwa mfano mwaloni;
- turubai ya kitani au pamba upande wa ndani;
- uzi wa kitani uliopakwa nta;
- bizimu na ribiti za chuma, alumini au shaba ya manjano;
- fremu ya mbao katika aina za zamani.

Upande wa ndani na kwenye mikanda hupatikana mihuri ya fundi, mwaka, bohari ya mavazi au kikosi. Katika mashanta mengi ya Uswisi jina la fundi, mji wake na mwaka vimegongwa kwenye ngozi. Wakati mwingine kuna pia jina la askari lililoandikwa kwa wino. Alama hizi ndizo zinazowezesha kujua shanta lilitoka wapi na lilibebwa na nani.

## Sababu za kuharibika

Wadudu ni adui mkubwa wa manyoya. Viwavi vya nondo wa nguo na lava wa mbawakawa wa familia Dermestidae hula keratini, protini iliyomo katika manyoya. Dalili zake ni mabaka yasiyo na manyoya, maganda ya lava na vumbi la kinyesi chao.

Unyevu mwingi huleta kuvu na kulegeza mizizi ya manyoya, hata yakang'oka kwa mkupuo. Ukavu mwingi nao hufanya ngozi iwe ngumu na kupasuka mahali inapokunjwa.

Mikanda iliyodabaghiwa kwa tanini hupatwa na ugonjwa unaoitwa uozo mwekundu. Ngozi hufyonza gesi za salfa kutoka hewa chafu, asidi hujengeka ndani yake, na mwishowe uso wake hugeuka unga mwekundu unaochafua vidole. Hali hiyo haina tiba. Kinachowezekana ni kuizuia isiendelee haraka.

Metali pia huleta madhara. Kutu ya chuma huozesha ngozi na uzi ulio karibu. Shaba ikikutana na mafuta ya ngozi hutoa uchafu wa kijani unaofanana na nta kuzunguka ribiti.

## Hatua za kazi

### Uchunguzi

Kabla ya kugusa chochote, shanta hupigwa picha pande zote, na mihuri, matobo na viraka huandikwa. Kiraka cha zamani si kasoro lazima: huenda kilishonwa na askari mwenyewe au fundi wa kikosi, hivyo ni sehemu ya historia. Glavu na barakoa huvaliwa, kwa sababu baadhi ya ngozi za manyoya zilizokaa katika makumbusho zilitiwa arseniki au zebaki ili kuua wadudu.

### Kuua wadudu

Shanta jipya halichanganywi na vitu vingine. Likiwa na dalili za wadudu hufungwa ndani ya mfuko wa plastiki uliozibwa vizuri na kuwekwa katika friza yenye baridi ya nyuzi −20 °C au chini zaidi, kwa kawaida wiki moja hadi mbili. Baada ya hapo huachwa ndani ya mfuko wake kwa siku nzima mpaka lipate joto la chumba. Mfuko ukifunguliwa mapema, umande hutua juu ya ngozi.

### Kusafisha

Vumbi huondolewa kwa brashi laini na mashine ya kufyonza vumbi yenye nguvu ndogo, mdomo wake ukiwa umefunikwa kwa wavu ili manyoya yasivutwe. Brashi hufuata mwelekeo wa manyoya.

Kulowesha shanta ni kosa linaloharibu mengi. Maji huondoa shabu kutoka ngozi iliyotengenezwa kwayo, na ngozi hiyo hukauka ikiwa ngumu kama ngozi mbichi. Ngozi yenye uozo mwekundu ikilowa hugeuka nyeusi na kukakamaa. Joto pia ni hatari: ngozi mpya iliyodabaghiwa kwa tanini hujikunja kwenye maji yenye nyuzi 70 °C hivi au zaidi, lakini ngozi iliyochakaa hujikunja kwenye joto la chini zaidi. Kwa hiyo shanta halianikwi juani wala kukaushwa kwa moto.

### Kuimarisha ngozi

Mikanda yenye uozo mwekundu hupakwa mchanganyiko mwepesi wa hidroksipropili selulosi katika alkoholi, ambao hushikanisha unga bila kuleta maji. Mipasuko hutegemezwa kwa nyuma kwa karatasi nyembamba ya Kijapani au kipande cha ngozi kilichopunguzwa unene, pamoja na gundi inayoweza kuondolewa baadaye. Gundi za dukani zenye nguvu huepukwa, kwa kuwa huwa ngumu kuliko ngozi, nayo hupasuka tena pembeni mwa kiraka.

### Kushona

Mshono uliofumuka hushonwa kwa uzi wa kitani uliopitishwa kwenye nta ya nyuki. Sindano mbili hupita katika matundu yaleyale ya zamani, moja kila upande. Maharazi hayatumiki kutoboa matundu mapya, kwani mstari wa matundu yaliyo karibukaribu hukatika kama karatasi. Uzi wa nailoni haufai: hukata ngozi dhaifu.

### Kuziba mabaka

Mahali palipokosa manyoya huweza kuachwa palivyo au kufunikwa kwa kipande cha ngozi yenye manyoya ya rangi na urefu unaofanana. Kipande hushonwa juu ya kitambaa cha kutegemeza, si juu ya ngozi ya kale yenyewe, na upande wake wa nyuma huandikwa mwaka wa ukarabati.

## Suala la mafuta

Kwa muda mrefu ilidhaniwa kuwa ngozi kavu inahitaji kupakwa mafuta. Makumbusho nayo yalitumia michanganyiko ya lanolini, nta na mafuta. Siku hizi wahifadhi wengi wameacha desturi hiyo. Mafuta hayarudishi nguvu ya nyuzi zilizokatika. Huoksidika, huifanya ngozi iwe nyeusi na yenye kunata, huvuta vumbi na huzidisha uchafu wa kijani kwenye shaba. Mafundi wa mashanta yatakayovaliwa tena katika maigizo ya historia bado hupaka mafuta kidogo kwenye mikanda.

## Mjadala

Kuna maoni mawili juu ya lengo la kazi hii. Wahifadhi hutaka kuingilia kidogo iwezekanavyo, na kila kilichoongezwa kiweze kuondolewa. Baadhi ya wakusanyaji hutaka shanta lionekane kama lilipotoka bohari, hivyo huchukua mikanda na vifuniko vya mashanta mengine yaliyochakaa. Desturi hiyo huokoa shanta moja kwa kulivunja jingine, na huchanganya mihuri ya vikosi na miaka tofauti. Shanta la aina hiyo likiuzwa bila maelezo, mnunuzi hudanganyika na mtafiti hupotezwa. Ndiyo maana kumbukumbu za ukarabati hutakiwa kukaa pamoja na shanta lenyewe.

## Utunzaji

Shanta lililokarabatiwa hujazwa karatasi isiyo na asidi ili lisibonyee, na huwekwa juu ya rafu bila kuning'inizwa kwa mikanda yake. Unyevu wa hewa wa takriban asilimia 45 hadi 55, usiobadilikabadilika, hufaa ngozi na manyoya. Mwanga hupunguzwa, katika makumbusho kwa kawaida hadi luksi 50, kwa sababu manyoya hupauka. Badala ya mfuko wa plastiki, ambao hufungia unyevu, hutumika kitambaa cha pamba kilichofuliwa, na shanta hukaguliwa mara kwa mara kama wadudu wamerudi.