Tarumbeta, Ngoma na Moyo wa Askari

Askari huanza siku yake kwa muziki kabla hajaonja chai. Tarumbeta ya alfajiri hulia kambini, na mtu aliyekuwa akiota yuko nyumbani kwao hujikuta amekwisha simama, viatu mkononi. Hapana afande aliyemgusa. Ni sauti tu. Twaona basi ya kwamba muziki si pambo la sherehe peke yake, bali ni nguvu iingiayo mwilini mwa binadamu na kumwamuru. Katika makala haya twapenda kueleza kazi ya nguvu hiyo katika maisha ya askari na polisi, faida yake na hatari yake pia.

Tuanze na kazini. Mwendo wa haraka gwarideni ni takriban hatua 120 kwa dakika, na ngoma kubwa ya bendi ndiyo iushikayo. Mguu wa kuruta huisikia ngoma hiyo kabla akili yake haijafikiri. Mahali pasipo bendi, sauti za askari wenyewe hufanya kazi hiyo: mmoja huanza, wengine huitikia.

Twakumbuka tulipokuwa katika chuo cha makadeti, usiku mmoja wa mwendo mrefu, mizigo mgongoni. Mwenzetu mmoja alianza kubaki nyuma, miguu imejaa malengelenge, machozi yakimlengalenga. Mkufunzi hakumkaripia, alimwamuru apite mbele na kuanzisha wimbo. Akaanza kwa sauti iliyokwaruza, nasi tukaitikia. Mtu aongozaye wimbo hupata taabu kubaki nyuma ya wale wanaomwitikia! Pumzi yake ilipata mpango, akili yake ikapewa kazi nyingine kuliko kuhesabu maumivu, naye akajua kwamba hayuko peke yake. Tulifika sote.

Jambo hili si geni kwetu. Ngoma ya beni ilizaliwa katika pwani ya Kenya miaka ya 1890 kwa kuiga bendi za kijeshi, kisha askari na wapagazi wakaieneza bara wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, 1914 hadi 1918. Katika Vita vya Pili, Fundi Konde, mpiga gitaa mashuhuri wa Kenya, alikuwa katika kikundi cha burudani cha King's African Rifles kilichopelekwa hadi India na Burma kuwatumbuiza askari wa Afrika Mashariki. Wakuu wa wakati huo walijua kwamba mtu aliye mbali na kwao hatosheki kwa risasi na mkate tu.

Muziki pia hutupa ruhusa ya kuhuzunika. Askari hufundishwa kuuficha uchungu wake, na mafunzo hayo ni ya lazima. Lakini mwenzake anapozikwa, bendi hutembea polepole, ngoma zimefunikwa kitambaa cheusi, na tarumbeta hulia mara ya mwisho kaburini. Hapo tumewaona watu waliopita katika moto wa vita wakitokwa na machozi bila kuona haya. Baada ya hapo hurudi kazini wakiwa wepesi zaidi.

Tena, wimbo huweza kusema lile ambalo vinywa vimeshindwa. Mwaka 1989 mwimbaji wa Uganda, Philly Bongoley Lutaaya, aliyekuwa akiishi Sweden, alitangaza hadharani kwamba ana UKIMWI. Aliimba juu ya upweke na hofu ya mgonjwa, akazunguka katika shule na makanisa nchini mwake akiwaonya vijana, hata akafariki tarehe 15 Desemba mwaka huo huo. Wakati ule wengi walinong'ona tu juu ya maradhi hayo, na kambi hazikusalimika nayo. Sauti ya mtu mmoja iliyafanya yazungumzwe mezani.

Lakini wahenga walisema: ngoma ikilia sana haikawii kupasuka. Nchini Rwanda, mwaka 1994, redio ya RTLM ilichanganya nyimbo za kuvutia na maneno ya chuki, na watu wakauawa kwa mamia ya maelfu. Mwanamuziki Simon Bikindi alihukumiwa kifungo cha miaka 15 na Mahakama ya Kimataifa ya Arusha mwaka 2008. Yafaa tuseme kwa haki: hakuhukumiwa kwa kutunga nyimbo, bali kwa maneno ya uchochezi aliyoyatangaza barabarani kwa kipaza sauti. Hata hivyo mahakama ilikubali kwamba nyimbo zake zilitumiwa kuamsha chuki. Ladha ya muziki hulainisha moyo, na moyo uliolainika hupokea asali na sumu kwa mlango mmoja. Kwa hiyo mwenye bunduki na ajiulize kila mara: wimbo huu wanipeleka wapi?

Swali hilo ni la zamu pia. Mlinzi aliyeziba masikio kwa nyimbo za simu amejinyima silaha yake ya kwanza, yaani kusikia. Vilevile polisi anayekabili umati asidhani kila wimbo ni fujo. Umati uimbao waweza kuwa bado unataka kusikilizwa. Asikilize kwa makini maneno na mwendo wake, kwani mara nyingi hubadilika kabla mikono haijabadilika.

Mwisho, twawaomba makamanda wa vikosi wasione gitaa la kambini kuwa uvivu. Nanyi wenzetu, mkimwona ndugu aliyekuwa akiwaongoza kuimba amenyamaza, au ajifungia usiku baada ya usiku na wimbo mmoja wa huzuni, msimcheke wala msimwache. Mketi naye, mmpeleke kwa daktari, kwa padri au kwa shehe wa kambi, na wakubwa wake wajue kabla hajapangwa zamu ya silaha. Muziki hutuliza moyo, lakini hauwezi kumshika mtu mkono. Kazi hiyo ni yetu.