Mlio wa lori la jeshi: sikiliza unafuata nini

Malori ya jeshi yanayopita Sombetini, hapa Arusha, kuelekea Kisongo na Monduli, kilipo Chuo cha Mafunzo ya Kijeshi, husikika kabla hayajaonekana. Sehemu ya kelele hiyo ni maumbile. Kwenye malori mengi ya aina hii bomba la kuvutia hewa limepandishwa juu ili gari livuke maji na kukwepa vumbi la magurudumu, mdomo wa bomba uko karibu na sikio la dereva, na kabini haina mazulia wala sponji za kumeza sauti. Yale yaliyostaafu jeshi yakaingia uraiani, kama Bedford za Kiingereza zilizogeuzwa kubeba watalii wa safari ndefu, yalikuja na tabia zake zote. Wamarekani wana M35 yenye injini ya LDT-465-1C, ambayo turbo yake hulia kiasi kwamba wenyewe wameibatiza mpiga mluzi. Turbo hiyo iliwekwa hasa kupunguza moshi. Mluzi ulikuja wenyewe, na kusikika kwake peke yake si dalili ya ubovu.

Taabu huanza pale dereva anaposema, "Fundi, kuna mlio mpya kwenye filta ya hewa." Fundi mwenye haraka hunyoosha mkono kwenye turbo, spea ya bei mbaya kuliko zote kwenye njia ya hewa. Mimi ningeanza na swali: mlio huo unafuata nini? Unapanda na resi? Unakuja gari likiwa na mzigo mlimani tu? Au unakuja na kuondoka wakati injini inanguruma vilevile, hakuna aliyegusa pedeli?

Jibu likiwa hilo la mwisho, acha njia ya hewa kwanza, tazama geji ya upepo wa breki. Malori mengi yenye breki za upepo huipa kompresa hewa iliyokwisha kuchujwa, kwa mpira mdogo unaotoka kwenye bomba la injini baada ya filta. Mitungi ikijaa, kwenye baa 7 au 8 hivi, kompresa haisimami, maana inaendeshwa na injini. Inachofanya ni kuacha kusukuma: kwenye kompresa nyingi, valvu zake za kuingizia hewa hushikiliwa wazi, na pistoni inaivuta hewa na kuirudisha palepale ilipotoka. Hapo bomba hupiga chafya mfululizo, na dereva anaapa kuwa injini inakufa. Kanyaga breki mara kadhaa hadi sindano ishuke. Mlio ukikatika kompresa inapoanza kujaza, kisha ukarudi mitungi ikijaa, umeshampata mhusika bila kushika spana. Jambo hili linawapiga chenga hata mafundi wazuri, kwa sababu kompresa ni ya breki na mlio uko kwenye filta.

Mlio unaokwenda na mizunguko ya injini ni habari nyingine, na hapo hesabu ndogo inasaidia. Kwenye injini ya dizeli ya mipigo minne, kila silinda huvuta hewa mara moja kwa mizunguko miwili. Injini ikiwa kwenye mizunguko 600 kwa dakika bila resi, silinda moja huvuta mara 300 kwa dakika, yaani mara 5 kwa sekunde. Silinda sita kwa pamoja ni mara 30, na sikio linasikia mngurumo mmoja usiokatika. Kwa hiyo ukisikia "puf, puf" unazoweza karibu kuzihesabu, zikitoka mdomoni mwa bomba, silinda moja inatema hewa nyuma. Valvu yake ya kuingizia haifungi sawasawa: imeungua, imepinda, au tapeti imekazwa mno hadi inaizuia kurudi mahali pake. Anza na hilo la mwisho. Kupima mwanya wa tapeti kwa fila ni kazi ya asubuhi moja. Kung'oa silinda hedi ni gharama ya kumfanya mwenye gari akae chini.

Mlio unaokuja na mzigo tu, mithili ya upepo unaofoka, mara nyingi ni hozi au klipu iliyolegea baada ya turbo. Hapo hewa iko kwenye shinikizo, inatoka nje, gari linakosa nguvu na kutoa moshi mweusi. Maji ya sabuni yakipakwa kwenye viungio, njia ikiwa na shinikizo, yataonyesha povu. Ila kumbuka Arusha iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari na hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam. Kwa kazi ileile turbo huku huzunguka kwa kasi zaidi, na dereva aliyepanda kutoka pwani anaweza kuushangaa mluzi ambao ni wa kawaida kabisa.

Ninaoogopa zaidi ni uvujaji wa kabla ya turbo. Huo haupunguzi nguvu wala hautoi moshi, kwa kuwa pale injini inavuta, haisukumi. Hutoa mluzi mwembamba tu, na kwa kila mluzi inameza vumbi lisilochujwa. Udongo wa kuzunguka Meru, mlima uliolipuka mara ya mwisho mwaka 1910, umejaa majivu ya volkano yenye chembe ngumu zinazolamba ringi na kuta za silinda. Fungua hozi iliyo baada ya filta, pitisha kitambaa cheupe ndani, injini ikiwa imezimwa. Kikitoka na vumbi, usibishane, tafuta ufa. Ni kosa kupuliza filta ya karatasi kwa upepo mkali wa kompresa kisha kuirudisha ukiwa na imani. Huwa inatoboka pasipoonekana.

Malori ya zamani yenye filta ya oili yana mlio wao wa kugugumia. Mara nyingi mtu amejaza oili kupita alama. Ipunguze siku hiyohiyo, maana injini ya dizeli inaweza kuivuta na kuiunguza kama mafuta.

Mlio mmoja hauna mjadala: chuma kukwaruza chuma. Pangaboi la turbo linagusa nyumba yake huku likizunguka makumi ya maelfu kwa dakika. Zima, usiwashe tena "kusikiliza vizuri". Injini ikipoa, tikisa shafti kwa vidole. Kuchezacheza kidogo ni kawaida, inaelea juu ya oili. Pangaboi kugusa ukuta si kawaida. Sili za turbo zikiwa zimekufa, injini inaweza kunywa oili yake yenyewe na kuongeza kasi hata ufunguo ukizimwa. Hapo huzibwa mdomo wa hewa kwa ubao imara, kamwe si kwa mkono wala kitambaa, ambacho kitanyonywa ndani. Ubao uwe mpana kuliko bomba, na uwe karibu kabla ya kuwasha gari lolote lenye turbo ya mashaka.