Kusoma Kusimtenge Mtoto na Nyumbani Kwao

Wahenga walinena: samaki mkunje angali mbichi. Ndugu msomaji, mzazi mwema hukumbuka methali hii anapomlea mwanawe ili awe mtu miongoni mwa watu wake. Lakini mkono mbaya nao waweza kumkunja mtoto, na huko Kanada ulimkunja hata akawa mgeni kwa wazazi wake.

Kuanzia miaka ya 1880 hadi miaka ya 1990, zaidi ya watoto 150,000 wa wenyeji wa asili wa nchi hiyo waliwekwa katika shule za bweni zilizogharimiwa na serikali na ambazo, kwa sehemu kubwa, ziliendeshwa na makanisa. Mwaka 1920 sheria iliwapa maofisa uwezo wa kuwalazimisha wazazi kuwatoa watoto wao. Mtoto alikatwa nywele, akavuliwa nguo za kwao, na aliposikika akisema lugha ya mama yake aliadhibiwa. Maelfu walifia huko. Wako waliorejea wakijua kusoma Kiingereza, lakini wasiweze kuzungumza na bibi zao.

Mwaka 2015 Tume ya Ukweli na Maridhiano ya Kanada ilitoa miito 94. Mmoja wao ulitaka historia hiyo ifundishwe tangu shule ya awali hadi darasa la 12. Basi likazuka swali zito: mtoto wa miaka saba aelezwe vipi uchungu kama huo pasipo kutishwa, na pasipo kudanganywa?

Jibu moja limepatikana katika somo la kusoma. Mwaka 2016 mwandishi David A. Robertson na mchoraji Julie Flett walitoa kitabu kiitwacho When We Were Alone. Humo mjukuu yuko bustanini na bibi yake. Anamwuliza kwa nini huvaa rangi nyingi, kwa nini amefuga nywele ndefu, kwa nini husema Kicree. Kila jibu lina mpangilio ule ule: shuleni tulinyimwa, tulipokuwa peke yetu tulijirudishia, leo nafanya nitakavyo. Kwa kuwa mpangilio huo hurudiwa, hata mtoto anayeanza kusoma huweza kubashiri kinachofuata. Maneno ya Kicree nayo yamo, na mwalimu akiyasoma darasa huyaitikia. Lugha iliyomletea bibi adhabu darasani, mjukuu huisoma darasani kwa sauti.

Wengine husoma kisa cha Phyllis Webstad, ambaye mwaka 1973, akiwa na umri wa miaka sita, alinyang'anywa shati la rangi ya chungwa alilonunuliwa na bibi yake, siku yake ya kwanza katika shule ya St. Joseph's Mission. Shati moja mtoto mdogo hulielewa upesi kuliko hesabu ya maelfu.

Hata hivyo, uangalifu wahitajika. Huenda darasani yumo mtoto ambaye bibi yake alipita huko. Huyo asisimamishwe kuwasemea watu wake, na ni vyema wazazi wajulishwe mapema.

Nawe mzazi, mwanao akirejea leo na kitabu, mketishe akusomee. Kisha mweleze hadithi hiyo kwa lugha ya nyumbani, naye akujibu kwa lugha hiyo hiyo.